Jina Lako Kwenye Sare Yangu

Nyumbani, 4 Februari

Dada,

Usinune kwamba nimechelewa kuandika. Nimeajiriwa! Ndiyo, mimi huyu huyu uliyesema siwezi kuchemsha maji bila kuunguza sufuria. Hii ni wiki ya tatu niko kwenye ule mkahawa wa kuku na chipsi pale kwenye mzunguko wa magari. Nina kofia, nina aproni, na kifuani nimebandikwa jina lako. Siku mbili za kwanza waliniita weee, mpaka wakadhani mimi ni kiziwi.

Meneja aliangalia kitambulisho chako, akaniangalia mimi, akarudi kwenye picha. Akasema, "Umekonda." Nikamjibu, "Maisha, bosi." Akacheka, akatoa kopi, kazi nikapata. Umeona sasa? Na ulivyokuwa unatetemeka siku ile unanikabidhi, utafikiri unanipa bunduki. Kwenu nina miaka kumi na sita, lakini pale kazini nina ishirini na moja, na mtu mzima anaheshimiwa.

Niko kwenye kikaangio. Oda ikiingia inatokea kwenye skrini, na saa inaanza kuhesabu. Zikipita sekunde tisini inakuwa nyekundu, na msimamizi wa zamu anapiga kelele kama ameng'atwa. Anayeita oda ni msichana mmoja wa rika langu, tunamwita Kasuku, maana anarudia kila anachosikia, hata matusi ya wateja anayarudia kwa sauti ya adabu. Dada, huyo mtoto atanivunja mbavu. Tumeshakuwa chanda na pete.

Kitu kimoja tu sijakizoea. Mchana saa nane hivi, wateja wakipungua, msimamizi anasema, "Toeni vidole." Tunapanga foleni kwenye mashine ya mlangoni, kila mtu anabonyeza kidole, mashine inaandika kwamba tumeondoka. Lakini hatuondoki. Tunakaa stoo juu ya magunia ya viazi, au tunapewa usafi, mpaka wateja warudi ndipo turudishe vidole. Saa hizo hazilipwi. Nilimuuliza Kasuku, "Sasa hivi sisi tuko wapi?" Akanijibu, "Sisi ni mizimu, shoga. Lete brashi."

Mama hajambo kidogo. Mkono wa kulia bado haujaamka na maneno yanamtoka nusu nusu, ila anaelewa yote. Shangazi wa mlango wa pili anakaa naye nikiwa kazini. Anajua nafanya kazi. Hajui nafanya kwa jina la nani, na mimi sina mpango wa kumwambia.

Soma kwa bidii, ukirudi unichome sindano vizuri.

Mdogo wako,
Kitinda


Chuoni, 17 Februari

Kitinda wangu,

Barua yako nimeisoma chooni, kwa sababu humu bwenini kila mtu ana macho. Simu bado wanazishikilia mpaka tumalize mwaka wa kwanza, kwa hiyo tutaendelea kuandikiana kama mabibi.

Nimecheka, halafu nimelia. Ulitakiwa uwe darasani, siyo kwenye kikaangio. Lakini wewe na mimi tulikaa kitandani kwa mama tukapiga hesabu zote, hazikutoka. Dawa zake haziwezi kungoja mimi nimalize chuo. Hilo tumeshalilia, tuliache.

Sasa nisikilize vizuri. Kile kitambulisho siyo mchezo. Ili nipate kingine cha kujiandikishia hapa, nilikwenda kituoni nikala kiapo kwamba cha kwanza kimepotea. Nilikula kiapo, Kitinda, mkono juu. Ikijulikana nimekupa wewe, chuo kitanifukuza mchana kweupe, na muuguzi aliyewahi kuapa uongo hapewi leseni popote. Basi jishushe. Usibishane na mtu. Wakikuambia fanya, fanya. Wakikuambia nyamaza, nyamaza. Hayo mambo ya kutoa vidole yanaudhi, najua, lakini usiwe wewe wa kuyasemea. Kuwa kama huonekani, miaka miwili tu, halafu nitakuja kuwabeba nyote wawili mgongoni.

Mgeuze mama kila baada ya saa mbili, na umkague makalio asipate vidonda. Unaniahidi?

Dada yako


Nyumbani, 9 Machi

Dada,

Nina haraka, shangazi anataka kwenda zake.

Nijibu haya kwanza. Mtu akiungua na mafuta ya kukaangia, kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni, mkono unarudi kama ulivyokuwa? Na ikiwa ngozi imebaki nyeupe, haiumi hata ikiguswa, hiyo ni nafuu au ni mbaya? Wengine wanasema ikiwa haiumi ni nafuu.

Mimi nimefanya kama ulivyoniambia. Niliambiwa fanya, nikafanya. Usiniulize mengi.

Mama anakula.

Kitinda


Chuoni, 15 Machi

Kitinda,

Umeungua? Sema kweli! Nimeisoma barua yako mara kumi na sioni popote uliposema ni mkono wa nani. Mbona mwandiko wako umelala hivi, unaandika na mkono gani?

Ikiwa ni wewe, nenda hospitali kubwa leo hii, siyo duka la dawa. Ngozi nyeupe isiyouma siyo nafuu, ni moto umekwenda chini kabisa. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala asali ya shangazi. Usipasue malengelenge. Vidole vitenganishwe kimoja kimoja kwa kitambaa safi, vikiachwa vitashikana na kujikunja, na vikishajikunja ni upasuaji. Ni lazima wabandike ngozi mapema. Mapema, unanisikia?

Niliomba ruhusa ya kuja, matroni akasema ruhusa ni ya msiba tu. Nilikaribia kumdanganya kwamba nimefiwa. Silali. Kila mgonjwa wa bandeji ninayemfunga nakuona wewe.

Niandikie mstari mmoja tu: ni mimi, au siyo mimi.

Dada yako


Mjini, 20 Machi

Binti,

Hunijui, na mimi nilikuwa sikujui mpaka nilipolisoma jina lako. Mimi ni fundi cherehani, mama yake yule msichana mnayemwita Kasuku.

Tarehe tano mwezi huu mwanangu aliletwa nyumbani na pikipiki, mkono umefungwa kwenye aproni ya kazi. Nilipokwenda kwa meneja, alinipa karatasi ya maelezo ya mashahidi. Wako wanne. Watatu wameandika hawakuona kitu. Wewe peke yako umeandika umeona. Umeandika hivi, nimekariri: "Alikuwa ameshatoka zamu. Alirudi jikoni kwa mchezo wake, akachezea bomba la kikaangio." Na mashine yao nayo inasema alitoka saa nane na dakika tano.

Mwanangu hakuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kucheza na mafuta. Anasema mlikuwa mnasafisha, na wewe ulikuwepo, hatua moja kutoka alipokuwa. Hasemi neno baya juu yako. Mimi ndiye ninayesema.

Nilikwenda mpaka kwenye nyumba iliyoandikwa chini ya jina lako. Nilimkuta mama yako kitandani. Nilipotaja jina, akafurahi, masikini, akaninyooshea kidole picha yako ukutani umevaa nguo nyeupe. Jirani akaniambia uko chuo cha uuguzi, akaniandikia anuani. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kumbe umeshaondoka zako, umekwenda kujifunza kuwafunga watu vidonda! Mkono wa mwanangu umeuacha unaoza, ukaenda kushika ya wageni!

Daktari anasema vidole vimeanza kujikunja. Wanaweza kubandika ngozi, lakini bima ya wafanyakazi hailipi mpaka ikubalike kwamba aliumia kazini, na mimi hata nikiuza cherehani haifiki robo. Baada ya mwezi wa nne, anasema, hakutakuwa na cha kunyoosha.

Afisa wa kazi ametuita tarehe 12 Aprili. Sikuombi pesa wala pole. Njoo useme ulichokiona. Ukishindwa, nijibu tu kwa maandishi unavyolala usiku.

Mama yake Kasuku


Chuoni, 27 Machi

Kitinda,

Nimepata barua, siyo yako. Ni ya mama yake Kasuku. Anadhani mimi ndiye niliyesimama jikoni, na ana haki ya kudhani, kwa sababu jina ni langu.

Umeandika nini wewe? Umetia sahihi karatasi gani? Nilikuuliza mstari mmoja, ukanyamaza wiki mbili, kumbe unajua fika kwamba nahangaika na mkono wako usioumwa! Nilifurahi, unajua? Niliposoma kwamba aliyeungua ni mtoto wa mtu mwingine nilifurahi kwanza, kabla ya chochote. Sitajisamehe kwa hilo.

Nimekaa nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Ukienda kwa afisa ukasema maelezo yale ni ya uongo, cha kwanza atakuomba kitambulisho. Hapo mimi kwisha, wewe kwisha, dawa za mama kwisha. Usipoenda, yule binti anabaki na ngumi badala ya mkono. Sioni mlango.

Nyamaza kwanza. Usiende popote. Niache nifikirie. Lakini niambie ukweli wote, hata ukiwa mbaya kiasi gani.

Dada yako


Nyumbani, 2 Aprili

Dada,

Sawa. Nakuambia yote, halafu unichukie ukitaka.

Siku ile saa nane tulitoa vidole. Msimamizi akasema mafuta yamekuwa meusi, yamwagwe yawekwe mapya kabla ya wateja wa saa kumi. Ukutani kumebandikwa maandishi kabisa, kikaangio kizimwe kipoe kwa saa mbili ndipo mafuta yatolewe. Hakuna anayengoja saa mbili. Tunazima, tunafungua bomba, mafuta yanatoka yanafoka kwenye ndoo, mmoja anashika ndoo na mmoja anashika bomba. Ndivyo tunavyofanya kila siku. Meneja anatuona.

Ilikuwa zamu yangu kushika bomba. Kasuku akaniambia, "Mikono inakutetemeka, umekula kweli wewe? Shika ndoo, mimi nishike huko." Sikuwa nimekula. Nikashika ndoo. Mpini ukawa wa moto, nikauhisi unaingia kwenye nyama, nikaachia. Dada, niliachia. Ndoo ikalala, mafuta yakamrukia mkono mzima.

Hakupiga kelele mara moja. Aliniangalia kwanza, kama anayetaka kuniuliza kitu.

Hawakumpeleka hospitali. Walimtoa kwa mlango wa nyuma ili wateja wasimwone, wakampakiza kwenye pikipiki. Skrini ikaanza kuwa nyekundu. Msimamizi akasema, "Rudisheni vidole." Nikarudisha. Nikakaanga kuku mpaka zamu ikaisha, sakafu bado inateleza. Sijui mtu wa aina gani anaweza kufanya hivyo. Ni mimi.

Kesho yake meneja akaniita ofisini peke yangu. Maelezo yalikuwa yameshachapwa, yanangoja sahihi. Nikasema siyo hivyo ilivyokuwa. Hakugomba hata kidogo. Alitoa ile kopi ya kitambulisho chako akaiweka juu ya meza, akasema, "Mtoto mzuri, huyu siyo wewe. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ningeweza kuita polisi siku ile ile, lakini nikakuonea huruma." Nikatia sahihi, kwa jina lako, kama nilivyojifunza.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Karibu nusu yetu pale tunatumia majina ya ndugu zetu. Yule wa kaunta ni binamu ya mtu, yule wa stoo ni kaka yake mwenyewe. Meneja anatujua mmoja mmoja. Siyo kwamba tulimdanganya. Anatutafuta sisi, kwa sababu hatuwezi kufungua mdomo.

Nilikwenda kumwona Kasuku. Mama yake hakuwepo. Amekonda, ananuka dawa. Akaniambia, "Nimesikia nilikuwa nacheza," halafu akacheka, akanisogezea kiti kwa mguu. Sikukaa. Nilikimbia, Dada. Ningemwambia nini?

Umesema ninyamaze. Nimenyamaza. Lakini umesema hivyo hivyo mwezi wa pili, nikatii, ona tulipofika. Sikulaumu. Nachoka tu.

Kitinda


Chuoni, 6 Aprili

Kwa Afisa wa Kazi,

Mimi ndiye mwenye jina lililoandikwa kwenye maelezo ya shahidi wa nne, katika shauri la msichana aliyeungua mkono mkahawani, mnalolisikiliza tarehe 12 Aprili. Sikuwahi kufanya kazi pale hata siku moja. Siku ya ajali nilikuwa wodini kwenye mafunzo, na daftari la mahudhurio linaonyesha. Naambatanisha kopi.

Aliyekuwa jikoni ni mdogo wangu. Ana miaka kumi na sita. Kitambulisho changu nilimpa mimi mwenyewe, mkononi, nikijua anakwenda kukitumia kuombea kazi. Hakukiiba na hakunidanganya. Kisha nikaenda kituoni nikaapa kwamba kimepotea. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze na afanye kila atakaloambiwa. Ikiwa kuna wa kuadhibiwa kwa jina hilo, ni mimi.

Maelezo yale yalichapwa na meneja. Mdogo wangu alitishwa akayasaini. Msichana aliungua akiwa kazini, wakimwaga mafuta ambayo hayajapoa, katika saa ambazo mashine imefundishwa kusema hawapo. Naomba mumwite mdogo wangu mumsikilize bila kumtisha. Anasema kweli akiulizwa kwa upole.

Leo asubuhi nimempa mkuu wa chuo barua yenye maneno haya haya. Amenitaka nifungashe vitu vyangu nisubiri kikao. Sijamwambia mdogo wangu, kwa sababu najua atanizuia. Nimemkabidhi barua hii dereva wa chuo, ameahidi kuifikisha ofisini kwenu kabla ya tarehe 12, na nimemwomba mama yake msichana huyo ahakikishe inasomwa mbele ya wote.

Mwenye jina


Nyumbani, 11 Aprili

Dada yangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Nimekwenda. Najua uliniambia niache ufikirie, lakini siku zilikuwa zinakwisha na barua yako haikuja, na kila nikifumba macho naona anavyonisogezea kiti kwa mguu. Jana niliomba shangazi akae na mama, nikavua ile sare, nikaenda kwa miguu mpaka kwa afisa wa kazi. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Nilidhani atanifokea. Akanipa maji.

Nimesema yote. Mafuta, ndoo, kwamba niliachia mimi, pikipiki, mashine ya vidole, karatasi iliyochapwa. Nimempa majina halisi ya wenzangu watatu wanaotumia vitambulisho vya ndugu, walikubali wenyewe, watakuja wakiona nimeanza. Alikuwa anaandika mpaka jasho linamtoka. Akasema hajawahi kupata shahidi wa ndani wa kitu hiki, wote wanaogopa. Akasema nikisimama imara, kesho hiyo hiyo ataandika barua ya hospitali na Kasuku analazwa wiki hii. Wiki hii, Dada! Nililia mpaka akafunga mlango.

Na wewe usiwe na wasiwasi kabisa. Hilo nimelifikiria tangu nyumbani. Nimemwambia kitambulisho nilikiiba kwenye begi lako kabla hujaenda chuoni, ukakitafuta ukakikosa, ukaenda kuapa kwa moyo safi, na mpaka leo hujui chochote. Nimekula kiapo, mkono juu kama ulivyofanya wewe. Uongo ni huo mmoja tu, mengine yote ni kweli tupu. Kwa hiyo ukimaliza chuo leseni yako iko pale pale, na mama ana mtu.

Alinionya kitu kimoja. Alisema mkahawa umeweka wakili, na wakili akinikamata na uongo hata wa unywele, maneno yangu yote yatatupwa, na ya kwangu ndiyo pekee waliyo nayo. Akaniuliza mara mbili kama yupo mtu yeyote anayeweza kuja na maelezo tofauti kuhusu kile kitambulisho. Nikamwambia hayupo. Yupo dada yangu tu, na yeye yuko mbali, hajui lolote, wala hatatia mkono wake humu.

Ni kesho saa nne asubuhi. Mama yake Kasuku alikuwa kwenye benchi nje nilipotoka, ananiangalia bila kunijua. Safari hii sikukimbia. Nilimwambia mimi ni nani hasa, na kwamba kesho nitasema. Alinishika mikono yote miwili hakuniachia mpaka gari lake lilipokuja.

Hii nitaiposti asubuhi nikiwa njiani. Wewe soma tu, usifanye lolote.

Mdogo wako,
Kitinda